Somo la Kikundi: Nani Anamuuliza Mlinzi wa Jela? Mauaji ya Hola na Ugomvi wa Wabunge wa 1959



Somo la mara hii ni refu kuliko lile la mbuzi wa maziwa na lile la kuweka akiba, kwa hivyo viongozi waligawe katika mikutano miwili. Anayesoma vizuri asome kwa sauti na asimame kila sehemu, watu waulize. Kama kuna mzee au mama mkongwe kijijini anayekumbuka miaka ya Hali ya Hatari, aalikwe akae karibu, apewe kiti na chai, na aulizwe kwanza kabla ya gazeti hili kusomwa.

Najua kuna wengine watasema, "Sisi ni kikundi cha ndizi na kuku, mambo ya siasa tuachie wanasiasa." Nawaelewa. Lakini hebu jiulizeni. Kijana wa hapa Nyacheki akikamatwa usiku, mama yake asubuhi anakimbilia kwa nani? Anakuja kwa mwenyekiti wa kikundi kuomba nauli ya kwenda kituoni. Anakuja kwa jumuiya ndogo ndogo kuombewa. Hata kabla ya kutafuta wakili, anatafuta sisi. Basi ni vizuri tujue aliyefungwa analindwa na nani, na kwa nini wakati mwingine wale waliopewa kazi ya kumlinda wanashindwa.

Tutajifunza kutokana na jambo moja lililotokea hapa hapa nchini mwetu, kule Hola kwenye Mto Tana, na jinsi wabunge wa London walivyogombana juu yake.

MAKAMBI

Gavana Evelyn Baring alitangaza Hali ya Hatari tarehe 20 Oktoba 1952. Maelfu na maelfu ya watu, wengi wao Wakikuyu, Waembu na Wameru, waliwekwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani. Makambi yalikuwa mengi: Manyani, Mackinnon Road, Athi River, Mwea, Manda kule Lamu, na wanawake Kamiti. Sisi huku Kisii mara nyingi tunasema hayo yalikuwa mambo ya Mlima Kenya. Lakini hata kwenye ziwa letu palikuwa na makambi, katika visiwa vya Mageta na Saiyusi.

Utaratibu ulikuwa hivi: mtu akikiri kiapo na kukubali kufanya kazi, anasogezwa kwenye kambi nafuu, halafu nyingine nafuu zaidi, mpaka anafika karibu na nyumbani na kuachiliwa. Akikataa, anarudishwa nyuma kwenye kambi ngumu. Wakubwa wa serikali waliita njia hiyo bomba. Ilipofika mwanzo wa 1959 wengi walikuwa wamekwisha kuachiliwa. Waliobaki Hola ni wale waliokataa kabisa. Wengine walisema wao ni wafungwa wa siasa na hawana haja ya kumlimia mtu shamba.

Sasa, nani alikuwa na uwezo wa kuuliza mambo ya ndani ya makambi hayo? Waafrika walichagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria mara ya kwanza Machi 1957, wajumbe 8 tu kwa nchi nzima. Kisii tulihesabiwa ndani ya Nyanza Kusini, na mjumbe wetu alikuwa Lawrence Oguda. Hao 8 walisema sana. Jaramogi Oginga Odinga alisimama barazani Juni 1958 akasema Kenyatta na wenzake waliofungwa Lokitaung bado ni viongozi wa watu. Lakini wajumbe 8 hawana kura za kumwangusha waziri. Mwenye makambi alikuwa serikali ya Uingereza, na serikali hiyo ilijibu kwa Bunge la London peke yake. Kwa hivyo, tupende tusipende, maisha ya mtu wa Hola yalikuwa yanategemea watu waliokaa mbali maelfu ya maili.

PANDE MBILI ZA BUNGE

Bunge lile lina pande mbili zinazotazamana. Miaka ile serikali ilikuwa ya chama cha Conservative chini ya Waziri Mkuu Harold Macmillan. Upande wa pili walikuwa Labour. Waziri wa Makoloni aliitwa Alan Lennox-Boyd. Kazi ya Bunge ni kumwuliza waziri. Lakini waziri akiaibika, chama chake chote kinaaibika, na uchaguzi ukiwa karibu kinaweza kupoteza viti. Basi wenzake wanamkinga. Na wale wa upande mwingine wanapiga kelele, baadhi kwa uchungu wa kweli na baadhi kwa kutaka kura.

Msicheke, maana ni sawa na vikundi vyetu. Nimeona kikundi ambapo swali dogo tu, "Risiti ya mbolea iko wapi?", liligeuka kuwa "Wewe uko upande wa nani?" Ikifika hapo risiti haionekani tena. Watu wa ukoo wa mweka hazina wanakaa huku, wengine wanakaa kule, na mbolea yenyewe imesahauliwa. Hebu fikirini sasa kama kinachoulizwa ni uhai wa mtu aliyefungiwa ndani, ambaye yeye mwenyewe hawezi kuja mkutanoni.

ONYO LILITOLEWA

Jambo linaloniuma zaidi katika habari hii ni kwamba Hola haikuja ghafla. Serikali ilikuwa imeambiwa, tena mara nyingi, na watu wake yenyewe.

Kanali Arthur Young aliletwa kutoka London mwaka 1954 kuongoza polisi wa Kenya. Alipoona uhalifu wa askari na walinzi hauchunguzwi inavyotakiwa, alijiuzulu kabla ya mwaka kwisha. Ripoti yake haikuchapishwa. Novemba 1955 mbunge wa Labour, mama Barbara Castle, alikuja Kenya mwenyewe kufuata kesi ya Kamau Kichina, mtu aliyeshukiwa wizi akafa baada ya kupigwa mikononi mwa polisi. Alirudi akaendelea kuuliza mwaka baada ya mwaka. Mwaka 1956 Eileen Fletcher, mwanamke wa dhehebu la Quaker aliyefanya kazi ya kurekebisha wafungwa huku, aliacha kazi akaandika aliyoyaona, pamoja na wasichana wadogo waliofungwa Kamiti. Waziri alisimama Bungeni akapuuza maneno yake. Mwaka 1958 barua ya wafungwa wa Lokitaung ilichapishwa katika gazeti la London la The Observer. Halafu waliokuwa maofisa wa magereza wakatoa maelezo ya kiapo juu ya vipigo.

Kila mara jibu lilikuwa la namna moja: ni mtu mmoja mbaya, ameshughulikiwa, ni uongo wa wenye chuki, mnawavunja moyo askari wetu wanaopigana na ushenzi. Hakuna jibu lililosema, njoo uangalie.

Miaka mingi baadaye ndipo tulijua walichokuwa wanaandikiana kwa siri. Juni 1957 Mwanasheria Mkuu wa Kenya, Eric Griffith-Jones, alimwandikia Gavana juu ya kutumia nguvu katika makambi ya Mwea. Alieleza mahali pa kupiga na mahali pa kutopiga, na akaonya kwamba kama ni kutenda dhambi, basi itendwe kimya kimya. Alikuwa mwanasheria, tena mkubwa wa wanasheria wote nchini! Sisi tunaojua maana ya dhambi na maana ya kitubio tusikie hapo. Alijua ni dhambi. Alichoogopa ni kelele.

Tarehe 24 Februari 1959 Labour walileta hoja Bungeni: iundwe tume huru ichunguze magereza na makambi ya Kenya. Mjadala ukawa mkali. Kura zilipopigwa, upande wa serikali ulikuwa na watu wengi na hoja ikaanguka. Hesabuni siku, wanakikundi. Kutoka siku hiyo mpaka watu 11 kuuawa Hola ni siku saba.

TAREHE 3 MACHI 1959

Ofisa mmoja mkubwa wa magereza, John Cowan, alikuwa ametengeneza mpango wa kuwafanya wakaidi wa Hola wafanye kazi. Watatolewa kikundi kidogo kidogo, waamriwe kufanya kazi, na wakikataa walazimishwe kwa nguvu. Mpango huo ulipita mezani kwa wakubwa Nairobi, na haukusimamishwa.

Asubuhi ya tarehe 3 Machi watu 85 walitolewa wakapelekwa mahali pa kuchimba mfereji wa skimu ya kunyunyizia maji. Askari jela walikuwa wengi, na marungu mikononi. Waliokataa walipigwa, na waliokubali pia wakapigwa. Jioni kulikuwa na maiti na wengine wengi wameumizwa vibaya. Jumla waliokufa ni 11.

Kesho yake serikali ilitoa taarifa kwa magazeti. Ilisema vifo vilitokea baada ya watu hao kunywa maji kutoka gari la maji. Mtu akisoma alielewa kwamba maji ndiyo yaliyowaua. Hakuna neno rungu katika habari hiyo.

Uongo huo haukudumu kwa sababu moja tu: maiti zilipasuliwa na daktari kabla hazijafukiwa na kusahauliwa. Hakimu W. H. Goudie aliendesha uchunguzi wa vifo, akaita mashahidi, na Mei 1959 akatoa maamuzi. Watu wale walikufa kwa sababu ya kupigwa. Miili yao ilijaa majeraha ya vipigo. Hata hivyo alisema mashahidi wa pande zote walimchanganya, askari na wafungwa, mpaka ikawa vigumu kusema nani alimpiga nani.

Hapo nataka tusimame kidogo tukumbuke Susana katika Kitabu cha Danieli, sura ya 13, ambayo katika Biblia yetu Wakatoliki imo. Wazee wawili, waheshimiwa, walimsingizia. Watu wote wakaamini kwa sababu ni wazee na ni waamuzi. Kijana Danieli hakupiga kelele kuhusu heshima yao. Aliwatenganisha, akamwuliza kila mmoja peke yake: uliwaona chini ya mti gani? Mmoja akasema mti huu, mwingine akasema mti ule. Uongo ukafa hapo. Kuuliza vizuri ni kazi, na kunahitaji mtu asiyeogopa ukubwa wa anayeulizwa. Hata etureti ya abagaka zamani haikuamua kwa kusikiliza upande mmoja.

USIKU WA TAREHE 27 JULAI

Juni 1959 Labour walileta hoja ya kulaumu serikali juu ya Hola. Kura zikafuata chama, na serikali ikashinda. Lennox-Boyd alitaka kujiuzulu, lakini Macmillan akamzuia kwa sababu uchaguzi ulikuwa karibu. Kule Hola kwenyewe, mkuu wa kambi alistaafishwa bila kunyimwa kiinua mgongo chake. Hakuna askari wala ofisa aliyeshtakiwa kwa vifo vile 11.

Mwezi uliofuata mambo yakaja tena Bungeni. Mjadala ulipangwa usiku sana, tarehe 27 kuamkia 28 Julai, wakati ambapo waandishi wengi wa magazeti wamekwenda kulala. (Ninyi mnajua mikutano inayoitwa usiku ni ya kupitisha mambo gani.) Barbara Castle alisema, na wengine wa Labour walisema. Hayo yalitarajiwa. Lakini karibu saa saba na robo za usiku alisimama mtu wa upande wa serikali yenyewe, Enoch Powell, akiwa na makaratasi yote ya uchunguzi.

Powell hakusema kwa matusi. Alifuata njia ya karatasi hatua kwa hatua. Alionyesha kwamba mkuu wa kambi hakubuni mambo peke yake, mpango ulipanda mpaka kwa wakubwa, kwa hivyo lawama haiwezi kuishia chini. Mbunge mmoja wa upande wake alikuwa amewaita wale waliokufa kuwa chini ya ubinadamu. Powell akajibu kwamba ni mafundisho ya kutisha kumwangalia mtu, kumpima, halafu kusema kwa kuwa huyu ni mbaya basi kifo chake si kitu. Akamalizia kwa kusema serikali haiwezi kuwa na kipimo kimoja cha haki kwa Waafrika Afrika, kingine kwa Waasia Asia, na kingine kwa watu wake nyumbani. Wanaoeleza usiku ule wanasema alipokaa alikuwa analia. Hata wapinzani walimsifu.

Nisiwadanganye, Powell hakuwa mtakatifu. Mwaka 1968 mtu huyo huyo alitoa hotuba kali ya kuwapinga wageni weusi na Waasia walioingia Uingereza, na hotuba hiyo iliumiza watu wengi. Nalisema hilo makusudi. Kikundi kikingoja mtu msafi kabisa ndiye aulize swali la risiti, kitangoja mpaka kiyama.

MATUNDA YAKE

Powell hakuangusha serikali yake. Oktoba 1959 Conservative walishinda uchaguzi, tena kwa viti vingi zaidi. Ukitazama hapo tu utasema kelele zote zilikuwa bure.

Lakini tazama mbele kidogo. Lennox-Boyd aliondoka wizarani, akaja Iain Macleod ambaye aliona mambo ya nguvu hayawezi kuendelea. Hali ya Hatari ilifutwa tarehe 12 Januari 1960. Mwezi huo huo mkutano wa Lancaster House ukaanza London kutengeneza njia ya uhuru. Hola haikuwa sababu pekee, lakini ilikuwa mojawapo, kwa sababu baada ya Hola hakuna waziri aliyeweza kusimama Bungeni akasema makambi yanaendeshwa vizuri na akaaminiwa.

Na maneno yaliyosemwa Bungeni yaliandikwa. Karatasi hazisahau. Mwaka 2011, wakati kesi ya wazee wetu dhidi ya serikali ya Uingereza ilipokuwa mahakamani London, faili karibu 1,500 za Kenya zilizofichwa tangu uhuru zikapatikana kule Hanslope Park. Mmoja wa wadai alikuwa Mzee Wambugu wa Nyingi, aliyepigwa Hola siku ile ile na kulazwa pamoja na maiti akidhaniwa amekufa. Tarehe 6 Juni 2013 Waziri William Hague alisimama katika Bunge lile lile akakiri kwamba Wakenya waliteswa, akaeleza masikitiko ya serikali yake, na akatangaza malipo ya pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228. Ni miaka 54 baada ya Hola. Wengi walikuwa wamekwisha kuzikwa. Mnara wa ukumbusho ulifunguliwa Uhuru Park Septemba 2015. Anayekwenda Nairobi akauone.

JE, ILIKUWA SIASA TU?

Swali hili mlijadili sana. Conservative walisema Labour wanatumia maiti za Hola kutafuta kura. Kuna ukweli kidogo hapo. Labour walipoingia serikalini mwaka 1964, mambo ya mateso yalitokea Aden, koloni lao kule Uarabuni. Shirika la Amnesty International likatoa ripoti mwaka 1966, na sasa ni mawaziri wa Labour waliokuwa wakijitetea kwa maneno tunayoyajua. Kiti kinabadilisha ulimi.

Mimi naona hivi: nia ya anayeuliza ni jambo lake na Mungu. Swali ni jambo la aliyefungwa. Yule mtu wa Hola hakuwa na haja ya kujua kama Barbara Castle anampenda au anapenda kura. Alikuwa na haja ya mtu kuuliza: wamekufaje?

Wengine wanasema dawa ni kuondoa vyama, watu wawe kitu kimoja. Tulijaribu hapa. Wakati wa chama kimoja, je, wafungwa walilindwa zaidi? Muulizeni yeyote aliyepita katika vyumba vya chini vya Nyayo House katika miaka ya 80. Bila upande wa pili, swali halikuwa na mahali pa kusimama, na aliyeuliza alifuata wale aliowaulizia.

Hata hivyo wakati ule ule walikuwako watu. J. M. Kariuki, ambaye mwenyewe alikaa makambini kutoka 1953 hadi 1960 na kuandika kitabu juu yake, aliuawa Machi 1975 akiwa mbunge. Alionekana mara ya mwisho akiondoka hotelini Nairobi na maofisa wa polisi. Bunge likaunda kamati, mwenyekiti Elijah Mwangale. Ripoti ilipoletwa, serikali haikutaka ikubaliwe. Kura zilipopigwa zilikuwa 62 kwa 59, ripoti ikapita. Waziri Masinde Muliro na mawaziri wadogo John Keen na Peter Kibisu walipiga kura na upande wa ripoti. Wote watatu walifutwa kazi ya serikali. Kura tatu tu ndizo zilikuwa tofauti. Waliouliza upande wao wenyewe walilipa, na bila wao ripoti isingepita.

SISI HUKU TUFANYE NINI

Siku hizi tuna Katiba ya 2010, na kila kikundi kingekuwa na nakala moja, hata kama imekunjika. Kifungu cha 25 kinasema uhuru wa kutoteswa hauwezi kupunguzwa kwa sababu yoyote, hata kama ni vita. Kifungu cha 49 kinasema aliyekamatwa aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, aruhusiwe kuwasiliana na wakili na watu wengine anaowahitaji, na apelekwe mahakamani mapema, isipite saa 24, isipokuwa kama siku hiyo si ya mahakama. Kifungu cha 51 kinalinda aliyefungwa. Kifungu cha 119 kinampa kila mtu, hata bibi wa kuuza mboga, haki ya kupeleka ombi Bungeni. Na tangu sheria ya 2011 kuna IPOA, mamlaka ya raia ya kuchunguza polisi.

Je, mambo yamekwisha? Juni 2025 mwalimu kijana Albert Ojwang alikamatwa kwao Homa Bay, jirani zetu hapa, akapelekwa Nairobi na akafa akiwa kizuizini. Taarifa ya kwanza ya polisi ilisema alijigonga kichwa ukutani kwenye seli. Madaktari walipopasua mwili waliona majeraha ya kichwa, kukabwa shingo na alama za kupigwa. Mkuu wa Polisi aliitwa mbele ya Seneti na ikabidi aombe radhi kwa taarifa ile ya kwanza. Watu kadhaa, wakiwemo maofisa wa polisi, walishtakiwa kwa mauaji, na hukumu ni kazi ya mahakama. Lakini mnaona? Hola ilikuwa gari la maji. Hapa ilikuwa ukuta. Tena ni mwili na daktari waliosema kweli.

Kwa hivyo jambo la kwanza, na nalisema kwa heshima ya mila zetu: mtu wa nyumbani akifa mikononi mwa askari, msikimbilie kuzika. Najua uzito wa kuchelewesha mazishi, na najua gharama za mochari. Ombeni uchunguzi wa daktari kwanza, na familia iwe na daktari wake kama inawezekana. Hapo ndipo kikundi kinaweza kusaidia kwa pesa kuliko kununua sufuria za matanga.

Jambo la pili ni daftari. Katibu wa kikundi aandike siku, saa, mahali, waliomchukua walivaa nini, namba ya gari, kituo gani, na namba ya OB. Andikeni siku ile ile, si baada ya wiki wakati kila mtu ana hadithi yake. Mtu akienda kumwona, wawili waende, na kila mmoja aeleze peke yake alichoona. Hiyo ni hekima ya Danieli. Ofisi ya Haki na Amani ya parokia au ya jimbo inaweza kuwaonyesha njia ya kupeleka karatasi hizo.

La tatu ni gumu. Aliyekamatwa akiwa ni wa upande mwingine, chama kingine, ukoo mwingine, au kijana anayesemekana ni mwizi wa ng'ombe, kikundi kitaandika? Yesu katika Mathayo 25 hakuuliza mfungwa alifungwa kwa kosa gani. Kutembelea mfungwa si kusema hana makosa, maana mwenye makosa ana mahakama yake.

MAJADILIANO

Katika mkutano wa kwanza zungumzeni hivi: kwa nini hoja ya tarehe 24 Februari 1959 ilianguka hali ushahidi ulikuwako? Mlikuwa mnajua kwamba Mageta na Saiyusi zilikuwa makambi? Katika kikundi chetu, ni lini swali la ukweli liligeuka kuwa swali la upande, na lilirudishwaje?

Mkutano wa pili ufanye igizo, lisizidi dakika ishirini. Watu watatu wawe kamati ya uangalizi, mmoja awe mweka hazina ambaye risiti yake ya mabati haionekani, na wengine wagawanyike pande mbili. Katikati ya kelele, mtu mmoja wa upande wa mweka hazina asimame aulize, kwa heshima, bila kutukana, akifuata karatasi. Mwishoni mwulizeni aliyeigiza nafasi hiyo alijisikiaje aliposimama, na waulizeni wenzake wa upande wake walimwonaje. Majibu yao yaandikwe na katibu, mtuletee parokiani pamoja na ripoti ya robo mwaka.